Furushi la Mashavu

Siku ile uani walikuwepo Mashavu mpangaji na mwanawe mchanga, pamoja na Mzee Shomvi mwenye nyumba.

"Majivu ya jiko lako yamenijazia nyumba," mzee alifoka. "Yasipotoka kabla ya adhuhuri, utatoka wewe!"

Mashavu akaingia ndani, akatoka na furushi kubwa la shuka.

"Ndiyo waondoka?" mzee alichangamka.

"Nitalibebaje, baba, na mtoto mgongoni?"

Mzee Shomvi hakuzoea kumwacha mtu aende bila kumsindikiza. Akajitwika furushi. "Zito hili! Mna nini?"

"Vya jikoni tu, baba. Pole."

Walipofika jalalani, Mashavu aliomba wapumzike, akafungua fundo furushi likiwa bado kichwani mwa mzee. Majivu yakamwagika, mzee akawa mweupe mpaka kope.

"Haya, yametoka, baba. Turudi nyumbani."

Jioni Mashavu aliwasha jiko, akamchemshia mzee maji ya kuoga.