Jiwe la Masgava

Wana wa Tigarsa, hasira hii hatukuiazima, tumeirithi. Enzi za Kaisari aliyewachukia Wakristo, mababu zetu walipokuwa wakikamua zeituni katika milima ya Numidia, alikuwapo Masgava mwana wa Gudula, Bega la Mlima, aliyelinyanyua peke yake jiwe la kinu lililowashinda wanaume wanane.

Kaisari akaamuru vitabu vyote vya kanisa vichomwe moto. Rogato, askofu wetu, hakungoja hata kupigwa kofi. Aliwatolea askari sanduku la vitabu kwa mikono yake mwenyewe, akawasaidia kulipakia lisije likadondoka, kisha akarudi kula. Kikasalia kitabu kimoja tu, Injili, nyumbani kwa Yadera, mjane wa msomaji wa kanisa, kwa kuwa desturi ya Tigarsa ilikuwa kitabu cha Jumapili kilale kwa msomaji. Yadera alishikwa na ghadhabu zaidi ya hofu. Alikifunga kwa ngozi ya mbuzi, akampelekea Masgava, ambaye hakujua kusoma hata herufi moja.

Masgava akalinyanyua jiwe, Yadera akakiweka kitabu katika shimo lililokuwa chini yake, jiwe likashuka. Askari walipofika walipindua makapu na mitungi, wakamuuliza kitabu kiko wapi.

"Kiko chini ya jiwe," alisema Masgava. "Linyanyueni."

Walihangaika nalo kwa kamba na magogo, wakashindwa. Kulivunja hawakuthubutu, maana kinu kile kilikamua mafuta ya Kaisari. Kwa fedheha hiyo wakamtoboa Masgava jicho, wakamkata mshipa wa mguu, wakampeleka machimboni. Watu wakaapa jiwe lisinyanyuliwe mpaka arudi, na kwa miaka minane kanisa la Tigarsa likaomba bila kitabu.

Kaisari mwingine alipoleta amani, Masgava alirudi akichechemea, akamkuta Rogato amekalia kiti kilekile cha askofu, amenenepa, anabariki watu.

"Mwanangu, ya zamani tuyaache," alisema Rogato. "Niletee kitabu. Kanisa halina cha kusoma."

Yadera aliutazama mguu ule, moyo ukamuuma. "Kaka, mguu huo hautakubeba."

"Nitalinyanyua," alisema Masgava, "ili Tigarsa isome. Lakini wewe Rogato, mikono yako ilikwisha kutoa. Haitapokea."

Akainama, Mbeba Neno Asilolisoma, akalinyanyua jiwe hadi kifuani. Yadera akatambaa chini yake, akakishika kitabu, akatoka. Ndipo mguu uliokatwa ukakunjika, na jiwe likamfunika Masgava. Hakuna aliyeweza kumtoa, na yumo humo hadi leo.

Rogato alinyoosha mikono. Yadera, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi, alimpita kana kwamba pale hapana mtu, akakifungua kitabu juu ya jiwe, akawaita watu waje kusikiliza.

Ndiyo maana Tigarsa haina kiti cha askofu. Anayetaka kutusomea husimama mbele ya jiwe lile na kufunua viganja vyake, tuvitazame kwanza. Akisita, tunamrudisha akakae.