Sahani ya Kwanza ya Bi Kombo

Haya, sogeeni, na mwenye simu aizime. Leo nina sahani moja na watu watatu, na kila mmoja ana haki nayo. Mtanisaidia kuitoa? Msiitikie haraka hivyo, ngojeni kwanza niwape habari yenyewe.

Palikuwa na kliniki Ngamiani, pale Tanga, ghorofani juu ya duka la vitambaa. Ilikuwa kliniki ya namna yake. Ukienda na kichwa kinakuuma hawakupi vidonge ukaondoka. Wanakuuliza umelalaje, umekula nini, na nani kakuudhi. Walioiendesha walikuwa watatu. Daktari Shemdoe alijaliwa masikio, alikusikiliza mpaka ukasema hata usilokusudia. Mfamasia Kihiyo alijaliwa mashaka, huyo hata chupa ya maji aliisoma kibandiko kabla ya kunywa. Na Nesi Zuwena alijaliwa macho, alikutazama ukipanda ngazi akajua goti gani linakusumbua.

Sasa, aliyepanda ngazi siku hiyo alikuwa Bi Mwanakombo, Bi Kombo wa pilau. Harusi aliyoipikia yeye, watu waliitaja kwa wali kabla ya kumtaja bibi harusi. Mwiko wake ulimpita kimo. Sufuria za kulisha mtaa mzima alizikoleza kwa ulimi wake tu, na hajapata kumwita mtu amwonjee. Lakini sukari ilikuwa imempanda, mwili umemwelemea, magoti yamegoma. Alikuwa akipika amekaa kwenye kiti cha plastiki huku anawafokea wasaidizi, na pilau ya kufokea, jamani, mnaijua wenyewe.

"Mjukuu wangu Salha anaolewa mwakani, baada ya Maulidi," alimwambia daktari. "Nimemlea mimi tangu mama yake afariki. Siku hiyo nataka nisimame mbele ya sufuria yake, niugeuze wali kwa mkono wangu. Nikimpikia nimekaa, daktari, bora nisipike." Akalia palepale, wala hakuficha uso.

Daktari Shemdoe akasogeza kiti, akasikiliza. Akasikia jinsi Bi Kombo anavyoshinda kutwa kwa kuonjaonja, kisha usiku anamalizia kwa chai ya sukari na halua. Akasikia kwamba siku za shughuli halali kabisa. Basi wakaanza na hayo: chakula kwa saa zake, usingizi, kutembea kidogo asubuhi. Sukari ikashuka, ikafika mahali ikagoma. Hapo ndipo daktari alipowaita wenzake akawaambia anataka kuleta dawa ya peptidi.

"Peptidi?" Kihiyo akaruka. "Sisi watu wa chakula na usingizi, leo tunaleta sindano?"

"Ni vipande vidogo vya protini," alisema daktari. "Mwili unatengeneza vya kwake kila siku, na hata insulini ni mojawapo. Hizo za kurudisha ujana zinazotangazwa kwenye simu sizigusi. Nataka hii moja, iliyochunguzwa na kusajiliwa, ya kushika sukari na kupunguza njaa. Mgonjwa mmoja, dozi ndogo kuliko zote. Ikiharibika, lawama ni yangu." Kisha akamkalisha Bi Kombo akamweleza mazuri na mabaya, kichefuchefu na tumbo kuvurugika, mpaka bibi mwenyewe akasema, "Nimeelewa, nipe." Asingesikiliza vile, na asingethubutu vile, Bi Kombo angebaki kwenye kiti chake cha plastiki. Huyo wa kwanza. Msianze kupiga makofi.

Dawa ikachelewa kufika. Wiki zikapita, Bi Kombo akawa kila siku anauliza. Ndipo mwanawe Mbaruku akashuka kwenye basi kutoka Dar na vichupa alivyonunua kwa mfanyabiashara mmoja wa mtandaoni. "Mama, dawa ileile hii, tena rahisi!" Bi Kombo akambusu mwanawe, akapanda ngazi za kliniki anahema, akaviweka vichupa mezani mwa Kihiyo.

Kihiyo akavigeuza, akavigeuza tena. "Kaka Mbaruku, vimesajiliwa wapi?"

"Vimeandikwa Kizungu hapo, huoni?"

"Vimesafiri kwenye nini?"

"Kwenye begi."

"Na barafu?"

"Begi lenyewe zuri tu," alisema Mbaruku.

Kihiyo akavifungia kabatini, akasema havichomwi mtu. Ehe! Bi Kombo alimjia juu. Alimwita roho mbaya, akamwuliza kama anataka harusi ya Salha ipikwe na watu baki. Hata daktari, aliyechoka kumwahidi bibi, alimvuta Kihiyo pembeni akamwuliza kama hakuna namna. Kihiyo akatikisa kichwa, akamrudia Bi Kombo. "Nataka usimame, bibi," alisema, maana alimpenda yule mama. "Ndiyo maana hivi sikuchomi." Bi Kombo akashuka ngazi bila kumuaga mtu. Lakini haukupita muda mrefu, mteja mwingine wa mfanyabiashara yuleyule akalazwa, tumbo limejaa usaha pale alipojidunga. Mbaruku aliposikia alikaa chini kwenye baraza ya kwao, akashika kichwa. Mashaka ya Kihiyo yasingekuwapo, kitanda kile kingekuwa cha Bi Kombo. Huyo wa pili.

Dawa ya kweli ikaja, kwenye boksi la barafu, ndani ya kalamu ya sindano yenye gurudumu la kupimia dozi. Ukilizungusha linalia ka, ka, ka. Bi Kombo akafundishwa, akapewa aende nayo nyumbani, mara moja kwa wiki. Ikafanya kazi. Sukari ikashuka tena, gauni likaanza kumcheza mwilini, akawa anafika sokoni kwa miguu.

Ila mpishi ni mpishi, jamani! Bi Kombo aliitazama ile dozi akaiona ndogo. Maisha yake yote, kitu kisipokolea anaongeza. Basi akazungusha gurudumu, ka, ka, zaidi ya alivyoambiwa. Wiki iliyofuata akaongeza tena. Alijisikia vibaya, chakula hakipiti, na maji yenyewe anayatapika, lakini akafunga mdomo. Aliogopa wakijua watamnyang'anya, na Maulidi yalikuwa yamekaribia.

Nesi Zuwena alikuwa na desturi ya kuwapitia wagonjwa wa dawa mpya majumbani kwao. Ijumaa moja akabisha hodi, akamkuta Bi Kombo jikoni juu ya mchuzi wa samaki. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, karibu, mimi mzima kabisa!" Na kweli alikuwa ameshajipaka wanja, anatabasamu. Mara akageukia dirishani, akamwita jirani: "We Mwanahamisi! Hebu njoo niangalizie chumvi."

Zuwena akasimama kama alivyo, kikombe cha maji mkononi.

"Bibi, tangu lini wewe unaonjewa?"

Bi Kombo akageukia mchuzi wake. Zuwena akamsogelea, akaiona midomo imekauka, akaishika ngozi ya mkono, nayo imelegea. "Umeikoleza dawa," alisema.

"Nimeongeza kidogo tu," alisema Bi Kombo, na machozi yakamtoka. "Ulimi wangu umekufa, Zuwena. Nimeharibu."

"Hujaharibu. Vaa baibui twende."

Wakamtundikia maji, wakasimamisha dawa, mwili ukapumzika. Ulimi ukarudi. Wakaanza upya kutoka dozi ya chini kabisa, na safari hii kalamu ilikaa kwenye friji ya kliniki, Zuwena akawa anakwenda kumchoma mwenyewe kila Ijumaa. "Mimi mpishi mzima nafichiwa chumvi!" Bi Kombo alilalamika, huku anainua mkono wa gauni. Macho ya Zuwena yasingekuwapo, yule mama angekauka kimyakimya mwenyewe jikoni kwake. Huyo wa tatu.

Maulidi yakapita, siku ikafika. Uani kwa Bi Kombo sufuria ilikuwa kubwa hata mtoto angeoga ndani. Kwenye kile kiti cha plastiki alikuwa amekaa Mbaruku, anamenya vitunguu, adhabu yake hiyo. Bi Kombo alisimama. Alikaanga amesimama, akamimina mchele amesimama, akaugeuza wali na mwiko wake mrefu mpaka jasho likamtiririka, akaonja, akaongeza chumvi kwa mkono wake na hakumwita mtu. Akafunika, akapalia makaa juu. Alipofunua, ile harufu ilitoka uani ikafika barabarani, na vigelegele vikapasuka mtaa mzima. Salha, na hina yake mikononi, alimkumbatia bibi yake akasahau kabisa kwamba bibi harusi hatakiwi kutoka nje.

Sasa ndiyo nawaletea ile sahani. Bi Kombo ana desturi yake tangu anaanza kazi. Wali wa kwanza kutoka kwenye sufuria, na kipande kinono juu yake, humpa mtu mmoja: yule ambaye bila yeye shughuli ile isingekuwapo. Akapakua, akaishika sahani juu. Wageni watatu wa kliniki wamekaa mkekani, mmoja baada ya mwenzake, wameoga wamependeza.

"Mpe daktari, ndiye aliyefungua mlango," alisema Mbaruku.

"We nyamaza," wakamjibu wanawake, "aliyeufunga mlango wa vichupa vyako je?"

"Na Zuwena?" alisema jirani Mwanahamisi. "Mimi nilionja ule mchuzi nikasema sawa tu, sikushtuka. Yeye alishtuka."

"Bibi, waweke sinia moja wale wote," alisema Salha.

"Hii haigawanywi," alisema Bi Kombo. "Ningekuwa naigawa, isingekuwa sahani ya kwanza."

Akamtazama mwenye masikio, akamtazama mwenye mashaka, akamtazama mwenye macho. Magoti hayakumuuma hata kidogo, angeweza kusimama pale mpaka magharibi, na alijua ni nani waliomsimamisha. Shida ni kwamba alikuwa na mkono mmoja wenye sahani moja.

Mimi nimewaletea mpaka hapo. Je, ingekuwa ni wewe umesimama kwa miguu ya Bi Kombo, ungempa nani? Semeni basi, wali unapoa.