Kwa Nini Wageni wa Nurwada Huanzia Makaburini

Siku ya Alhamisi, tarehe kumi na tatu ya mwezi wa Rajabu, saa kumi na moja na nusu alfajiri, ndipo mambo yalipogeuka katika mji wa Nurwada. Kabla ya saa hiyo, mgeni aliyekuja kuutazama mji huo wa kale aliingilia langoni, kama mtu anavyoingia mji wowote. Baada ya saa hiyo, lango likawa mahali pa kutokea. Sikilizeni ilivyokuwa.

Nurwada uko Bara Hindi, upande wa Gujarati, penye jua kali na vumbi jekundu. Sultani mmoja aliujenga, wajukuu zake wakauhama, popo na kasuku wakaurithi. Yalibaki lango kubwa la mawe, soko lisilo na paa, msikiti, jumba la wafalme, na kisima cha ngazi, ambacho mtu hushuka daraja baada ya daraja mpaka ayafikie maji. Nyuma ya vyote hivyo, kwenye ukuta wa mwisho, palikuwa na makaburi ya wale walioujenga mji: waashi, wachimba kisima, wabeba mawe. Hakuna jiwe lililoandikwa jina. Wengi wao walikuwa Masidi, watu ambao mababu zao walivushwa bahari kutoka pwani hizi zetu, wengine kwa hiari na wengine kwa kamba.

Aliyekuwa akiwatembeza wageni alikuwa Sidi mmoja, jina lake Siraj. Mkewe, Rehmat, aliwapikia chai. Siraj alikuwa mzungumzaji, na alilipenda lango kupita kiasi. Alikuwa akisimama chini yake na kueleza kila ua lililochongwa, mpaka kivuli kikahama na wageni wakaanza kujipepea kwa kofia. Walipomaliza jumba na kisima, jua lilikuwa limesimama utosini. Wakiambiwa bado makaburi, na kwamba huko viatu huvuliwa, walitazama mawe yanavyochemka, wakatazama kamba za viatu vyao, wakasema wamechoka.

"Leo tena hawakufika?" Rehmat alikuwa akimuuliza jioni.

"Hawakufika. Kesho, inshallah."

"Punguza maneno langoni, mume wangu. Sultani mwenyewe hakukaa hapo muda wote huo."

Siraj alicheka, kisha akatoka kwenda makaburini peke yake. Aliwasalimu waliolala pale, akawaambia kuwa wageni walikuwapo, ila joto liliwazidi, na akawasomea fatiha kwa niaba ya wageni. Alifanya hivyo miaka yote ya ndoa yao. Rehmat aliyazoea makofi ya kandambili zake yakirudi gizani, na harufu ya ubani kwenye shati lake. Baadaye ni harufu hiyo aliyoitafuta nguoni, akazikunja nguo asizifue.

Siraj alifariki mwanzoni mwa Mfungo Sita, kwa homa fupi. Walimzika kule kule, miongoni mwa waashi, na Rehmat akaingia eda. Kazi ya kutembeza wageni ikashikwa na Usman, mdogo wake marehemu, mtu mwema lakini mvivu wa kufikiri. Alifuata njia ya kaka yake hatua kwa hatua.

Eda ilikuwa haijafika nusu Usman alipoleta habari. Alisimama nje ya mlango, akazungumza na pazia.

"Shemeji, amekuja bwana wa idara ya mambo ya kale. Bwana Trivedi. Amepigilia vigingi kule nyuma na kuvifunga kamba. Anataka pasawazishwe, yawe maegesho ya magari ya wageni."

"Nyuma wapi?"

"Penye ukuta wa mwisho," Usman alisema.

Kwa kuwa yeye hakuweza kutoka, alimwomba Bwana Trivedi aje. Akaja, akaketi barazani, akakubali chai. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa upole kuwa kazi yake ni kutunza mahali ambapo watu huja kupatazama, na kwamba alikuwa amewauliza wageni wengi. Hakuna aliyewahi kufika kwenye makaburi hayo. Wengine hawakujua kama yapo.

"Mume wangu yumo humo, Saheb," Rehmat alisema nyuma ya pazia.

"Najua, dada. Nimeagiza yeye ahamishwe kwa heshima, apelekwe makaburi ya kijijini."

"Na hao wengine?"

"Hao wengine hawana mtu."

Alisema kazi ingeanza Rajabu. Alipoondoka, Rehmat aliswali rakaa mbili, akalia, kisha akaanza kufikiri. Alifikiri juu ya jua, juu ya mawe, juu ya kamba za viatu. Alimpenda mumewe sana, na kwa hiyo ilimchukua siku nyingi kukubali kwamba ni Siraj mwenyewe aliyekuwa akiwachosha watu kabla hawajafika.

Alfajiri ile eda yake ilipokwisha, alioga, akavaa nguo ya kawaida, akatoka. Usiku uliotangulia basi la walimu kutoka Surat lilikuwa limelala kijijini. Rehmat akawakuta wakipiga miswaki, akawaambia watembee sasa hivi, kabla ya jua, na kwamba yeye ndiye atakayewaongoza. Usman alipoona njia waliyoishika, akamkimbilia.

"Shemeji, unakwenda wapi? Mgeni hupokewa kwa chai, hapokewi kwa makaburi. Watasema tumewaletea nuksi."

"Chai ipo kwenye birika. Ilete huko huko."

Walifika penye ukuta wakati mbingu inaanza kupauka. Rehmat akawaomba wavue viatu. Mwalimu mmoja mnene akajivuta nyuma.

"Mama, soksi yangu imetoboka. Wafu watanicheka."

"Hawa walikufa hawajaona soksi, mwanangu. Watadhani ndivyo zilivyo."

Walimu wakacheka, wakavua. Mawe yalikuwa baridi na yenye umande, na kicheko kikaisha chenyewe. Rehmat aliwasalimu waliolala, alipofika kwa Siraj akachutama, akaimalizia salamu pole pole. Kisha akawaambia wageni: "Hawa ndio waliojenga. Sasa twendeni mkaone walichokijenga."

Akawaingiza mjini kwa nyuma, bado miguu mitupu. Kisimani, yule mwalimu mnene aliweka kiganja kwenye jiwe, akauliza ni nani kati ya wale aliyechimba hapo.

"Simjui," Rehmat alisema. "Yumo mmoja wao."

Kila walipofika waliuliza vivyo hivyo. Nani alilipandisha jiwe hili? Nani alichonga ua hili? Lango likawa la mwisho, na jua lilikuwa bado la kupendeza.

Bwana Trivedi alikuwa amefika asubuhi hiyo na wafanyakazi wenye sululu. Alikuta safu ya viatu nje ya ukuta, na wenyewe wakirejea kuvichukua. Wengine waliingia ndani tena, mara ya pili, bila kuambiwa na mtu. Aliwaambia wafanyakazi wangoje. Kisha akamsogelea Rehmat.

"Mama yangu alifariki wakati wa baridi," alisema. "Sisi wetu tunawachoma, na majivu tunayapeleka mtoni. Nikienda mtoni sasa, maji ni mengine. Je, mtu wa dini yangu anaweza kuingia?"

"Vua viatu, Saheb. Mawe bado hayajapata moto."

Aliingia, akasimama mbele ya kaburi lisilo na jina, mikono ameikutanisha kifuani. Alipotoka aliwaambia wafanyakazi wang'oe vigingi. Magari, alisema, yatasimama mbali, kwenye shamba la mtama lililoachwa, na watu watembee.

Na tangu asubuhi hiyo, wageni wa Nurwada huamshwa mapema, huvua viatu penye ukuta wa mwisho, huwasalimu wajenzi kwanza, ndipo huonyeshwa mji, na hutokea langoni. Usman mwenyewe aliwatembeza hivyo mpaka uzeeni. Siku hizi ni binti yake. Langoni hukaa kidogo tu. Na Bi Rehmat naye amelala kule, ubavuni kwa mumewe, na wageni humpitia bila kulijua jina lake.

Ewe Mola, warehemu waliochimba na waliobeba, mrehemu Siraj na mkewe, na wale wetu tuliowatanguliza ambao vyumba vyao bado havijazoea kuwa vitupu. Wapanulie makaburi yao, uyatie nuru, na utukutanishe nao palipo pema. Amin.