Ua Lililomeza Harufu Yake

Ua la mwambani halikuwa dogo hivi mnavyoliona. Huko nyuma, kabla ya bibi wa bibi zetu, lilisimama likamfika mtu kiunoni, kandokando ya njia ya kijitoni huku kwetu milima ya Usambara, juani kweupe, limejipamba zambarau yake. Na kunukia, jamani! Ukiligusa ukipita, harufu ilikuganda kutwa. Mume wa mtu akirudi ananukia, mkewe hakuuliza alikuwa wapi. Aliuliza alikuwa na nani. Nasikia ndoa nyingi zilivunjwa na ua lile, nalo lilifurahi kwelikweli. Silisemi vibaya. Ningekuwepo, tungeshibana.

Sasa, watu wa siku zile walimwogopa mtoto aliyetangulia kuota jino la juu. Walimwita kigego, wakasema ataumaliza ukoo, na wazee walimchukua wakaenda kumtupa korongoni. Asubuhi moja mtoto wa Hoza, mke wa mfua chuma, alicheka, na jino likaonekana. La juu. Hoza alimziba mdomo kwa kiganja, lakini mama mkwe alikuwa ameshaona, na mdomo wa mama mkwe yule, msiniulize. Uji haujapoa, wazee wako mlangoni.

Hoza alitokea uani, mtoto mgongoni, akayapasua maua mbio hadi kijitoni, akajibanza kwenye mwanya chini ya mwamba, penye giza na unyevunyevu. Mbele ya mwanya ule palikuwa na shina moja tu la ua. Vishindo vikakaribia. Akaitambua sauti ya Shekivunge, mzee mwenye pua kali:

"Kapita hapa. Fuateni harufu."

Hoza akalishika ua kwa mikono miwili. "Dada," akanong'ona, "nakujua huna siri. Leo tu. Watamtupa."

Ua likatetemeka. Kunyamaza lilikuwa halijawahi, na harufu ilishafika kooni kama chafya. Likakunja shina, likajilaza bapa juu ya jiwe, likameza harufu yote, yake na ile iliyomganda Hoza. Kwa hofu, vinyweleo vikasimama majani mazima. Mara mtoto akaanza kuguna. Hoza akamtia ziwa mdomoni, na lile jino moja likamuuma hadi machozi yakamtoka. Hakumtoa.

"Si palikuwa pananukia sasa hivi?" Shekivunge alisema, karibu kabisa na mwanya.

"Mzee, pua yako imejaa ugoro," mwenzake akamcheka. "Mwanamke kashavuka mto, wewe unanusa mawe!"

Wakaondoka wakibishana. Ua halikuthubutu kujinyoosha. Pengine wamejificha. Pengine watarudi.

Hoza alivuka mlima, mtoto akakulia ugenini, akaota meno yote, akaoa, akapata wajukuu, akazeeka, na ukoo haukufa. Lakini hakuna aliyekumbuka kurudi kuliambia ua.

Basi leo ukishuka kijitoni utalikuta kivulini, limejibana mwambani chini kabisa, vinyweleo vimesimama, wala halinukii uliguse utakavyo. Linasikia kila hatua ya anayekuja kuchota maji, na mpaka sasa hivi linamficha mtoto wa Hoza.