Amplifaya ya Chini ya Chupa ya Chai

Hapo zamani za kale, ingawa si za kale sana, maana wanyama walikuwa wamekwisha jifunza kuendesha magari na kuyaazimana bila kuyarudisha na mafuta, palikuwa na mji uliokaa pande mbili za bonde. Sogeeni karibu, watoto, nisipaze sauti. Leo nimechoka, na huyo aliye ndani ya hadithi amechoka kunizidi.

Jina lake Pimbi. Mnamjua, yule mfupi asiye na mkia. Alikuwa na gari dogo la kubebea maharusi, limechakaa, mlango mmoja umefungwa kwa kamba. Gari hilo ndilo lililokuwa shamba lake. Unga wa nyumbani ulitoka humo, na sare za watoto zilitoka humo.

Mji ule ulikuwa na desturi yake. Bi harusi hatoki kwao mpaka muziki wa gari lake usikike ng'ambo, nyumbani kwa bwana harusi. Ukisikika, wa ng'ambo hujibu kwa vigelegele, na gari huondoka. Usiposikika, harusi huahirishwa mpaka mvua ziishe, na mvua za huko hazikuwa na haraka ya kuisha.

Kwa miaka mingi gari la Pimbi lilisikika bila shida. Halafu siku moja, wakati wa harusi ya binti wa Mama Digidigi, amplifaya ikasema tsss! Moshi ukatoka chini ya kiti. Pimbi akatoa kichwa dirishani akaanza kuimba mwenyewe. Akapiga honi badala ya ngoma, pii-pi, pii-pi, mpaka koo likakauka. Ng'ambo wakadhani kuna mgonjwa anakimbizwa hospitali, wakamwombea dua, wakarudi ndani.

Harusi ikaahirishwa. Kuanzia hapo watu wakahamia kwa Kiboko, mwenye lori kubwa na kifua kikubwa, na Pimbi akawa anaamka asubuhi, analifuta gari vumbi, kisha anakaa kando yake kutwa nzima.

Mvua zilipokwisha, Mama Digidigi akaja akasimama mlangoni kwake.

"Mwanangu Pimbi, mimi sikukimbii," akasema. "Mimi mwenyewe siku yangu ulinibeba wewe, na ulinibeba vizuri. Lakini binti yangu kashaaibika mara moja. Jumamosi ni mara ya pili. Usiposikika, nampandisha kwenye lori la Kiboko. Utanisamehe."

"Nimekusamehe tangu sasa, mama," akasema Pimbi, akakaa kwenye ngazi.

Alijua kwamba Jumamosi hiyo akishindwa, hakuna tena atakayemkabidhi bi harusi wa kubeba. Gari angeliuza, na kitu kingine cha kuuza hakuwa nacho.

Mkewe akatoa kifuko cha akiba kutoka chini ya godoro. Kilikuwa chembamba.

"Nenda dukani kwa Fisi," akamwambia. "Na usirudi na deni, mume wangu. Deni la Fisi lina meno."

Duka la amplifaya mjini lilikuwa hilo hilo moja. Ukutani Fisi alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: HAKUNA KUJARIBU, KIKIWASHWA KIMETUMIKA. Basi wateja, kwa kuwa hawaruhusiwi kusikiliza, walikuwa wamejitafutia njia yao ya kuchagua. Waliinua. Amplifaya iliyokuumiza kiuno ndiyo iliyohesabiwa kuwa na sauti. Fisi alikuwa ameligundua jambo hilo zamani, na ndiyo sababu uani kwake kulikuwa na lundo la mchanga wa mtoni, ingawa hakuwa anajenga chochote.

Pimbi akaingia, akasalimia, akajaribu kuinua ya kwanza. Hiih! Haikutikisika. Akajaribu ya pili. Hiih!

"Mdogo wangu," akasema Fisi huku akicheka, "unanunua amplifaya au unasukuma ukuta?"

"Sijui, kaka. Vyote vinachosha."

"Njoo nikuonyeshe kitu cha wanaume." Fisi akampeleka dirishani, palipokuwa na dude kubwa kama sanduku la nguo, limeandikwa ubavuni WATI ELFU KUMI. "Hili linaitwa Dume la Bonde. Sikiliza." Akaliinamisha upande mmoja. Shwaaa. Akaliinamisha upande wa pili. Shwaaa. "Umesikia? Hizo ni wati. Zimejaa humo mpaka zinatembea."

Pimbi hakuwa na nguvu ya kubishana. Akakaa sakafuni apumzike kidogo, akafumba macho, akawa anasikiliza muziki wa dukani.

Na hapo ndipo wazo lilipomjia. Duka lile lilipiga muziki kutwa. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuusikia asubuhi ile akiwa bado darajani, kabla hata hajaliona paa la duka, na neno moja halikumpotea. Mji mzima uliusikia kila siku, na kwa kuwa waliusikia kila siku hakuna aliyewahi kuuliza unapigwa na nini.

Pimbi akafumbua jicho moja. Waya ulitoka kwenye spika, ukashuka ukutani, ukapita nyuma ya maboksi, ukampita Dume la Bonde bila hata kumsalimia, ukaingia chini ya kaunta kwenye kidude chembamba kilichojaa vumbi. Juu yake Fisi alikuwa ameweka chupa yake ya chai.

Moyo ukampiga pu! pu! pu! Lakini uso akauacha vile vile ulivyokuwa, wa mtu aliyechoka, na kwa kweli hiyo haikumpa kazi.

Alimjua Fisi. Ukikinyooshea kidole kitu chake, hata kiwe kifuniko cha sufuria, bei inapanda papo hapo. Kile kidude alikuwa hajawahi kukiuza kwa sababu hakuna mteja anayetoa pesa kwa kitu kinachoinuliwa kwa mkono mmoja. Ilibidi Fisi akitoe mwenyewe, na adhani ni yeye anayefanya hila.

"Kaka Fisi," akasema Pimbi, "mimi nalitaka hilo Dume."

Fisi akakitazama kile kifuko. "Hicho hakinunui hata boksi lake."

"Niwekee tu. Nitakopa kwa ndugu zangu. Ila nakuomba, Mzee Kiboko asijue. Akijua una kitu kizito namna hii atakichukua yeye, na mimi nitakuwa nimekwisha."

Masikio ya Fisi yakasimama. "Mimi? Mimi nimwambie Kiboko? Ngoja nikamwage makapi ya chai, nakuja."

Akatoka bila makapi wala kikombe. Haukupita muda, sakafu ikaanza kutetemeka, gidi, gidi, gidi, na Kiboko akaingia akiwa bado anafuta uji mdomoni.

"Shikamoo, mzee," akasema Pimbi kutoka pale chini.

"Marahaba. Wewe mbona umelala dukani kwa watu?" Hakungoja jibu. Akalikumbatia Dume la Bonde, akaliinua. Shwaaa. Mishipa ikamsimama shingoni, naye akatabasamu. "Hili zito."

"Elfu kumi, mzee," akasema Fisi. "Zinatembea, unazisikia?"

"Mzee wangu, hilo nimeliomba mimi," akasema Pimbi.

"Umeliomba au umelilipia?"

"Nimeliomba."

"Basi," akasema Kiboko. Fisi akataja bei ambayo hata yeye mwenyewe ilimshangaza. Kiboko akameza mate. Lakini kushindwa mbele ya Pimbi hakuweza, akalipa, akalibeba Dume lake begani akaenda zake.

Pimbi akajilaza chali katikati ya duka.

"Inuka, wateja watakukanyaga," akasema Fisi.

"Wanikanyage. Nitakaa hapa hapa, kaka. Kila atakayeingia nitamweleza ulivyoniuza kwa Kiboko huku ukienda kumwaga makapi."

Fisi akakuna kichwa. Mdomo wa Pimbi aliuogopa kidogo, na kile kifuko chembamba nacho alikuwa anakitamani, kwa kuwa yeye pesa ndogo hakuwahi kuidharau. "Nyamaza basi. Nitakupa amplifaya."

"Iwe nyepesi, niibebe mwenyewe. Mgongo wangu umekwisha."

Fisi akatazama huku na huku. Kila kilichokuwa rafuni kilikuwa kizito, na aliyekifanya kizito ni yeye. Mwisho macho yake yakaanguka chini ya kaunta. Akaiondoa chupa ya chai.

"Chukua hii. Kifuko niachie."

Pimbi akaitazama kwa muda mrefu. "Kaka, si ndicho kigoda cha chupa yako ya chai?"

"Inapiga piga. Kwa kimo chako inatosha."

"Watu watanicheka."

"Mbona wanakucheka siku zote?"

"Kweli," akasema Pimbi. "Basi nirudishie kidogo, mke wangu ameishiwa chumvi."

Fisi akamtupia sarafu za chumvi, akazichomoa zile nyaya kwa mkono mmoja, kwap! Muziki wa dukani ukakatika. Fisi hakuuliza kwa nini kumekuwa kimya, maana mkono wake ulikuwa umekwisha ingia ndani ya kifuko.

Jumamosi ikafika. Bi harusi amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba, amefunikwa kanga mpya, na mama yake amesimama nyuma yake. Kabla Pimbi hajashuka garini, lori la Kiboko likaingia uani, ingawa hakuna aliyeliita.

"Nianze mimi," akasema Kiboko, "tusimchoshe mtoto wa watu." Akalirudisha lori kinyumenyume mpaka karibu na mkeka, akawasha.

Grrr, likasema Dume la Bonde. Krrr. Shwaaa. Kiboko akakaza sauti mpaka mwisho. Lori zima likatikisika, na kwa kutikisika huko kifuniko cha Dume kikaachia. Mchanga ukaanza kutoka, kwanza uzi mwembamba, kisha shwaaa, ukateremka kwenye lori na kumwagika juu ya mkeka, miguuni pa bi harusi. Ndani ya lile sanduku kubwa ikabaki redio moja ndogo kama kipande cha sabuni, inakoroma.

Mama Digidigi akautazama mchanga, akamtazama Kiboko. "Mzee," akasema, "wati zako zinamwagika."

Hakuna aliyecheka kwa sauti, kwa ajili ya bi harusi. Kiboko akapanda lori lake na kukaa tu, macho mbele.

Pimbi akaunganisha nyaya zake. Akawasha. Ndu! Ndu! Ndu! Ngoma ikatoka, safi, ikavuka ua, ikashuka bondeni. Wote wakageuza masikio ng'ambo.

Kimya.

Pimbi akangoja. Akalifikiria gari lake likiwa na mnunuzi, na yeye akimkabidhi funguo. Akajiambia labda na yeye amenunua kwa ujinga kama wengine, ila ujinga wake ni wa aina nyingine. Machozi yakamlenga, naye hakuyaficha, alikuwa amechoka kuficha.

Ndipo ikaja, nyembamba kwa umbali lakini haina shaka: li-li-li-li-li! Sauti moja, kisha kumi, kisha ng'ambo nzima. Bi harusi akalia chini ya kanga yake kwa furaha. Mama Digidigi akaja akafungua ile kamba ya mlango wa gari kwa mikono yake mwenyewe.

"Twende, mwanangu," akasema.

Na mngedhani mji ulijifunza. Ngojeni niwaambie. Wiki iliyofuata watu walimvamia Fisi kwa makelele, wakamrudishia mazito yake yote. Wakasema sasa wamegundua siri: amplifaya nzuri ni ile nyepesi. Fisi akawaomba radhi, akaingia uani, akaumwaga mchanga wote, akayarudisha maboksi yale yale rafuni yakiwa matupu. Wakaja tena, wakayapima viganjani, na lililokaribia kupeperuka ndilo lililouzwa ghali kuliko yote. Ukutani maandishi hayakufutwa: HAKUNA KUJARIBU.

Kiboko alinunua moja, jepesi kama mkate. Siku moja akamsimamisha Pimbi darajani.

"Hebu niambie ukweli," akasema kwa sauti ya chini. "Ya kwako ina uzito gani?"

Pimbi akamtazama. Akafikiria kumweleza tangu mwanzo, habari ya waya, na chupa ya chai, na muziki waliousikia wote kila siku. Akaona ni maneno mengi, na jioni ilikuwa imekaribia.

"Sijui, mzee wangu," akasema. "Mimi huisikiliza tu."

Kiboko akatikisa kichwa na kwenda zake, akiamini kabisa kwamba Pimbi anamficha. Pimbi akarudi nyumbani, akavua viatu, akalala. Nami hadithi yangu nimeifikisha kwake, siwezi kuipeleka mbele zaidi.

Funzo lake ni dogo, watoto: mkienda kununua sauti, pelekeni masikio.