Zimwi Lina Miguu Mingapi?

Tegeni masikio. Mwaka ule jua liliwaka hata visima vyote vikakauka, kikabaki kimoja tu, na hicho nacho Fisi akasema kina zimwi. "Linatoka adhuhuri! Jifungieni ndani, nitalinda peke yangu." Wanyama wakajifungia. Wakitoka alasiri, maji yamebaki ya kulamba.

Mama Kombo, sungura aliyejifungua juzijuzi, maziwa yakamkauka. Kichanga kinanyonya, kinalia. Akawa anaogopa kila kitu, zimwi, kiu, kesho. Na wanawe wakubwa, Kombo na Mize, ndio kwanza wanazunguka nyumba kwa nyumba wakiuliza!

"Shikamoo, babu Kobe. Zimwi lina miguu mingapi?"

"Marahaba. Mmoja."

"Umeliona?"

"Aa, kaniambia Fisi."

Nguruwe akasema saba. Kaambiwa na Fisi. Simba akatunisha shingo: "Mfalme haulizwi!" Mize akamkodolea macho tu. "Kaniambia Fisi," mfalme akanong'ona.

Adhuhuri moja Mama Kombo kugeuka, watoto hawapo! Akambeba kichanga, huyo, mbio, jua la utosi, roho mkononi, mpaka kisimani. Akawakuta wamelala kifudifudi ukingoni, wanacheka hadi masikio yanatetemeka.

"Nyie! Mtaliwa!"

"Mama, njoo usikie. Ewe zimwi, una miguu mingapi?"

"Mmoja!" sauti nzito ikajibu kutoka chini.

"Mbona Nguruwe anasema saba?"

"Basi saba!"

"Na mkia unao?"

"Kwani nyie mnautaka?"

Kicheko kikamponyoka Mama Kombo, mwenyewe asijue kimetoka wapi. Akachungulia. Fisi! Kanywa mpaka tumbo limefura, limenasa kati ya mawe, hapandi wala hashuki.

"Tokeni nje!" akapiga ukelele, yeye aliyekuwa akiogopa hata kivuli. "Njooni mlione zimwi lenu!"

Wakaja mbio, Simba mbele. Wakamfunga Fisi kamba, wakamvuta, naye kila akivutwa anacheua maji. Wakamfukuza palepale, akaenda zake tumbo likilia chubwi, chubwi.

Mama Kombo akanywa, akapumua, akanywa tena. Jioni kichanga kilinyonya kikasinzia na chuchu mdomoni.

Nanyi mnaosikiliza, mkitishwa na jambo, ulizeni nani kaliona kwa macho yake. Na kama aliyeliona ni mlinzi peke yake, mtazameni tumbo.