Mahari ya Binti wa Mwalimu

Lugembe, mwalimu mstaafu wa hesabu mwenye zizi lililojaa, hakutaka binti yake Minza aolewe na fukara. Mshenga Nkwabi alipokuja kuulizia mahari, alipewa swali mbele ya wazee.

"Idadi ya ng'ombe ninayotaka, ukiizidisha kwa yenyewe kisha ukajumlisha kumi na mbili, utapata sawa na ukiizidisha kwa kumi na tatu. Leteni idadi hiyo!"

"Mwalimu, vichwa vyetu vizito," Nkwabi alilalama. "Tukipatia, hutageuka?"

"Idadi yoyote itakayokubali hesabu hiyo, naipokea. Wazee hawa ni mashahidi."

Juma lililofuata Nkwabi alirudi akivuta ng'ombe mmoja.

"Wengine kumi na mmoja wako wapi?" Lugembe alifoka.

"Tupige hesabu, Mwalimu. Moja mara moja?"

"Moja."

"Jumlisha kumi na mbili."

"Kumi na tatu."

"Na moja mara kumi na tatu?"

Lugembe aliwageukia mashahidi wake. Wazee walikohoa kuficha vicheko.

"Hesabu za namna hii zina majibu mawili, ulitufundisha mwenyewe," Nkwabi alisema, akimkabidhi kamba. "Sisi tumechagua lenye miguu minne."